Waya wa Chumba cha Nyuma

Kuta zetu hazigusi paa.
Ndivyo zilivyo nyumba nyingi mtaani kwetu, Newala:
juu ya tofali la mwisho unabaki uwazi
wa kupita popo, moshi wa jikoni na maneno ya watu.
Kwa hiyo sauti ilimfikia Mama bila gharama.
Tangu mkono na mguu wa kushoto vimgomee
alilala chumba cha nyuma, akiisikiliza televisheni ya sebuleni
kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.

"Somoe! Nani huyo analia?"
"Mke mdogo, Mama. Kaonyeshwa barua."
"Kavaa nini?"
"Gauni la kijani. La kung'aa."
"Ndiyo maana."
Ndiyo maana ya nini, sikuwahi kujua.
Nilipogeuza shingo barua ilishachanwa,
mume alishaondoka, tangazo la sabuni limeingia.
Kila usiku saa mbili nzima nilikuwa macho ya mtu,
na nisidanganye, nilichoka.

Chama cha msingi kikalipa mnada wa tatu.
Nikatoa ya salfa, nikatoa ada ya Shaweji,
nikafuta jina langu kwenye daftari la dukani,
kilichobaki nikamwitia fundi Chikoti.
Akaja na mita kumi na nane za waya mweusi,
klipu ndani ya kopo la maziwa, drili ya kuazima.
"King'amuzi ni kimoja," akanionya, misumari mdomoni.
"Chumba cha nyuma kitaona kile kile cha sebuleni.
Mgonjwa hachagui. Anafuata."
Nikamwambia, huyo mgonjwa humjui.

Waya ukatoka mgongoni mwa king'amuzi,
ukapanda kona, ukavuka juu ya ukuta
pale pale yalipokuwa yakipita maneno yetu,
ukashuka kwa Mama, kwenye ile TV ya chogo
tuliyoitoa stoo na ukoo mzima wa mende.
Chenga.
Chikoti anatafuta, chenga,
chenga tele, kama za mchele
anaopepeta mtu mwenye hasira.
Halafu uso. Mtangazaji, mwekundu kama kachomwa na jua.
Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo:
"Kumbe kanenepa hivyo! Na sauti yake nyembamba."

Wiki ya kwanza niliegemea kochi kama mgeni.
Usiku wa mpira Shaweji akiruka huku,
kule fimbo inagonga chaga za kitanda:
goli moja, nyumba inashangilia mara mbili.
Na rimoti, mkononi mwangu, ikiendeshwa na mdomo wake:
"Rudisha! Nani kakwambia nimemaliza?"

Wiki ya tatu yule mke mdogo akafa.
Ajali ya gari, ya kipuuzi, hata breki hatukuzisikia.
Nikatega sikio juu, kwa mazoea.
Kimya.
Alikuwa ameona mwenyewe:
gauni, vioo, kiatu kimoja katikati ya lami.
Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni,
nikaimeza na chai.

Jana mvua ilikuja na ukungu wake.
Hakuna mawimbi, yakasema maandishi.
Sebuleni buluu. Juu ya ukuta, kwenye mabati ya chumba cha nyuma,
buluu ile ile.
Shaweji akaenda kulala.
Nami nilishanyanyuka kuzima, nikasikia, kwa shida, chini ya kishindo cha bati:

"Somoe. Huko kwako kuna nini?"

Alijua. Waya ni mmoja.
Nikavuta kiti mpaka ukutani,
nikakaa, nikaitazama ile buluu.
"Kuna mwanamke, Mama. Anashuka kwenye basi."

"Kavaa nini?"